Chanda chema kisichovikwa pete

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo, vipo vidole katika jamii yetu vinavyofanya kazi njema usiku na mchana, na pete zao wakavikwa wengine. Ninavyovikusudia hapa ni vidole vya mchoraji wa storibodi, yule fundi anayechora kwa penseli tangazo la biashara au video ya wimbo, picha baada ya picha, kabla kamera haijatolewa mkobani. Tangazo likionyeshwa katika runinga, twaijua sabuni inayotangazwa. Video ikipendwa, twalijua jina la mwimbaji na pengine la mwelekezi. Lakini yule aliyeiona kazi hiyo kwanza, ilipokuwa ingali maneno matupu, hatumjui wala hatumuulizii.

Nimeazimia kumwandikia mwalimu na mwanafunzi juu ya kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi halali inayoweza kumlisha kijana mwenye kipawa cha kuchora, ingawa ni nadra kusikia ikitajwa wanafunzi wanaposhauriwa juu ya maisha yao ya baadaye. Pili, kazi yenyewe imo hatarini, kwa kuwa wengi, hata baadhi ya wanaoilipia, hawajui hasa wananunua nini. Wao hudhani kwamba mchoraji huuza picha. La hasha! Mchoraji wa storibodi huuza uamuzi. Picha ni chombo tu cha kuubebea.

Storibodi, kama jina linavyodokeza, ni ubao wa hadithi. Ni karatasi zenye visanduku vilivyopangwa kwa mfuatano, na ndani ya kila kisanduku mna mchoro wa kile ambacho kamera itakiona. Chini ya mchoro huandikwa maneno yatakayosemwa, sauti itakayosikika, na muda wa tukio kwa sekunde. Kwa macho ya mgeni, karatasi hizo hufanana na vibonzo vya gazetini. Tofauti ni kwamba kibonzo huchorwa ili kisomwe, ilhali storibodi huchorwa ili itendwe. Siku ya kupiga picha ikishapita, kazi ya michoro hiyo imekwisha, na aghalabu huishia kapuni.

Mtindo huu ulizaliwa katika studio ya Walt Disney huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mchoraji Webb Smith ndiye anayetajwa sana kuwa alianza kubandika michoro ya hadithi ubaoni kwa pini, kila tukio na karatasi yake, hivi kwamba karatasi moja iliweza kuhamishwa au kuondolewa bila kuziharibu nyingine. Filamu fupi ya katuni ya Three Little Pigs, iliyotoka 1933, ni miongoni mwa kazi za mwanzo kutayarishwa kwa njia hiyo. Haukupita muda mrefu kabla ya watengenezaji wa filamu za waigizaji kuuiga mtindo huo. William Cameron Menzies aliichora Gone with the Wind, filamu ya 1939, tukio kwa tukio, akipanga mahali pa kamera pamoja na rangi na mwangaza. Hatimaye mtindo ukahamia kwenye matangazo ya runinga, na baadaye kwenye video za nyimbo.

Ili tuuone uamuzi ninaousema, tuchukue mfano. Tuseme kampuni ya majani chai inataka tangazo la nusu dakika. Mwandishi ameandika mistari minne tu: mama anarejea kutoka shambani mvua ikianza kunyesha; binti yake amekwisha kubandika chai; wanakunywa pamoja; sauti inataja jina la chai. Waliokizunguka kikao wote wanaitikia kwa vichwa, kila mmoja akiamini kwamba wameafikiana. Kumbe mwenye kampuni ameona akilini nyumba ya vigae na vikombe vya kauri. Mwelekezi ameona jiko la kuni na vikombe vya bati. Mpiga picha naye ameona mlima kwa mbali na mawingu mazito. Hao wote wamesoma maneno yale yale.

Ndipo mchoraji anapouliza swali ambalo mistari ile minne haikulijibu: kamera imesimama wapi? Ikiwa imesimama ndani ya nyumba, kando ya binti, ikimtazama mama akija kwa mbali kupitia dirishani, hadithi hii ni ya binti anayengoja. Ikiwa imesimama nje, nyuma ya mama, ikiutazama mwanga mdogo wa taa mwisho wa njia yenye matope, hadithi ni ya mama aliyechoka na kuyaona makao. Maneno hayakubadilika hata silabi moja, lakini hadithi ni mbili. Mmoja kati ya mitazamo hiyo utauza chai vizuri kuliko mwingine, na sharti mtu auchague. Anayeulazimisha uchaguzi huo ufanyike mapema ni mchoraji, kwa sababu penseli haiwezi kuchora pande zote mbili katika kisanduku kimoja.

Baada ya swali hilo huja mengine. Runinga yetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde, hivyo nusu dakika ni picha 750. Mchoraji hawezi kuzichora zote, wala haitakiwi azichore. Huenda akachagua 12 au 16 zinazoibeba hadithi nzima, na kuchagua huko ndiko kunakomtofautisha fundi na mwanagenzi. Aidha, hana budi kuutunza mwelekeo. Mama akitembea kutoka kushoto kwenda kulia katika picha moja, kisha kutoka kulia kwenda kushoto katika picha inayofuata, mtazamaji atadhani kwamba amegeuka kurudi shambani. Mishale nayo ina kanuni zake: mshale unaochorwa ndani ya kisanduku huonyesha mwendo wa mtu, na ule unaochorwa pambizoni huonyesha mwendo wa kamera.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini taabu yote hii ichukuliwe kwa jambo la nusu dakika. Jibu ni gharama. Siku ya kupiga picha kuna kamera na taa zilizokodishwa kwa siku, waigizaji, mafundi, magari, chakula cha watu wote, na katika tangazo letu, maji ya kuifanyiza mvua iwapo mbingu zitakataa. Wakigundua mahali hapo kwamba mama anaingia kwa mlango usiofaa, kila dakika wanayobishana inalipiwa. Wakiligundua juu ya karatasi, kasoro hiyo hufutwa kwa raba. Ama kwa hakika, storibodi ni mahali ambapo kukosea ni rahisi mno, na ndiyo maana watu wenye busara hukosea hapo kwanza.

Kazi hii ina sura mbili, na ni muhimu kijana anayeipenda azijue zote. Sura ya kwanza ni michoro ya kumwonyesha mteja. Hii huwa michache, yenye rangi na nyuso za kupendeza, na lengo lake ni kumshawishi mwenye fedha akubali. Sura ya pili ni michoro ya kupigia picha. Hii huwa mingi na ya harakaharaka, imejaa mishale na maandishi, na haimshawishi mtu bali humwelekeza mpiga picha na wenzake. Mara nyingine michoro hupangwa katika kompyuta pamoja na sauti, kila mmoja ukakaa kwa muda wake, ili hadithi itazamwe ikienda kabla ya kupigwa picha. Wenye kazi huiita animatiki. Katika sura zote, haraka ni sehemu ya kazi. Huenda mchoraji akaitwa jioni na michoro ikahitajika asubuhi, kisha mteja akabadili nia adhuhuri.

Video ya wimbo ina masharti yake. Katika tangazo, muda umewekwa na runinga. Katika wimbo, muda umewekwa na ngoma. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hutimiza mapigo manne kwa sekunde mbili, na katika wimbo wa dakika nne mafungu ya namna hiyo ni 120. Mchoraji husikiliza wimbo mara nyingi akiwa na saa mkononi, akaandika ubeti unaanzia wapi, kiitikio kinaingia wapi, na ala zinanyamaza wapi. Halafu hujiuliza iwapo picha itayafuata maneno au itakwenda kinyume nayo. Mwimbaji akiimba juu ya safari, si lazima tuonyeshwe basi. Mwenye kuchora kila neno kama lilivyo hutafsiri wimbo ambao msikilizaji amekwisha kuuelewa kwa masikio.

Historia inatupa ushahidi wa nguvu ya fikra kama hizo. Bendi ya a-ha kutoka Norway ilitoa wimbo wa Take On Me mwaka wa 1984 pamoja na video ya kawaida ya bendi ikiimba, na haukufua dafu. Mwaka wa 1985 wimbo ulirekodiwa upya, na mwelekezi Steve Barron akautengenezea video ambamo msichana anaingia ndani ya kitabu cha michoro ya penseli. Michael Patterson na Candace Reckinger walichora takriban picha 3,000 kwa kufuatisha picha zilizopigwa. Mwaka huo huo wimbo ukafika nafasi ya kwanza nchini Marekani, na mwaka wa 1986 video ikatunukiwa tuzo sita za MTV. Michoro ile haikuwa storibodi, kwa kuwa ilionekana na umma. Lakini inatukumbusha kwamba penseli inaweza kuubeba wimbo mahali ambapo kuimba mbele ya kamera pekee hakukufika.

Hapa nyumbani, bendi ya Just a Band ilitoa mwaka wa 2010 video ya wimbo wa Ha-He, iliyoelekezwa na Jim Chuchu, na jina la mhusika wake, Makmende, likawa kinywani mwa vijana nchini kote. Mwaka huo huo runinga ya BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni za watoto zilizotengenezwa jijini Nairobi kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa nchini Tanzania na Edward Saidi Tingatinga. Katuni haiwezi kutengenezwa pasi na michoro ya kuipanga kwanza. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba kazi hii ni ya ughaibuni tu.

Tena, ni kazi iliyokuwa ngazi ya kupandia kwa wengine wenye majina makubwa. Satyajit Ray wa India aliingia katika kampuni ya matangazo ya D. J. Keymer jijini Calcutta mwaka wa 1943 akiwa msanii wa michoro. Alipoitengeneza filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, iliyotoka 1955, hakuwa na mswada kamili. Alikuwa na daftari la michoro na maelezo mafupi. Ridley Scott wa Uingereza alisomea sanaa ya uchoraji, akaelekeza matangazo mengi, likiwemo lile la mkate wa Hovis la 1973 ambamo mvulana anaisukuma baiskeli mlimani. Alipopewa filamu ya Alien, iliyotoka 1979, aliichorea storibodi kwa mkono wake mwenyewe. Wakuu wa kampuni ya 20th Century Fox walipoiona, waliiongeza bajeti ya filamu kutoka dola milioni 4.2 hadi dola milioni 8.4. Akira Kurosawa wa Japani naye alipokosa fedha za Kagemusha, aliichora kwa rangi katika mamia ya picha akingoja, na filamu ikatoka hatimaye mwaka wa 1980.

Sisemi kwamba kila mwelekezi huihusudu storibodi. Werner Herzog wa Ujerumani amewahi kuibeza kuwa ni chombo cha waoga. Hoja yake ina uzito wake, kwani anayefungwa na karatasi huenda asilione jua linapotua mbele yake kwa namna ambayo hakuipanga. Walakini, mwenye kutengeneza tangazo anatumia fedha za mtu mwingine, na mtu huyo ana haki ya kujua anachokinunua kabla hajakilipia. Isitoshe, aliyekwisha kuamua kwa karatasi ndiye anayejua anaacha nini anapoamua kuyafuata machweo.

Sasa tuje kwenye pete. Kwanza ni jina. Katika filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka 1960, tukio mashuhuri la mauaji bafuni lilichorwa kabla na Saul Bass, na filamu ikamtaja kuwa mshauri wa picha. Miaka ilipopita ukazuka ubishi. Bass alidai kwamba hata kulielekeza tukio hilo alishiriki, na waliokuwepo, akiwemo mwigizaji Janet Leigh, wakashikilia kwamba Hitchcock mwenyewe ndiye aliyelielekeza. Mimi sitaki kuwaamulia. Ninachokitazama ni kwamba ubishi wa namna hiyo usingezuka lau michoro isingekuwa na uzito mkubwa katika kazi iliyokamilika. Na huyo ni Bass, aliyekuwa tayari na sifa na aliyetajwa jina. Katika tangazo la runinga hamna hata orodha ya majina.

Pili ni malipo. Kampuni kadhaa za matangazo zinaposhindania kazi moja, kila moja humpelekea mteja michoro yake, na ni moja tu itakayoshinda. Iwapo mchoraji aliahidiwa malipo baada ya ushindi, basi yeye ndiye aliyeibeba hasara ya mchezo ambao hakuuanzisha. Seremala hapimi mbao, akaziranda na kuziunga, kisha akaambiwa kwamba atalipwa mgeni akikipenda kiti. Mchoraji amekesha, ameamua, amechora. Kazi yake imekamilika hata kama tangazo halitatengenezwa kamwe.

Tatu ni sheria, na hapa namwomba mwanafunzi asome polepole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba haki huanza kwa mtunzi mwenyewe. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa katika utumishi wake, haki hiyo huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimeafikiana vingine. Maana yake ni kwamba kimya cha mchoraji kina gharama. Asiyesema lolote kabla ya kuchora, sheria humsemea, na haimsemei kwa faida yake. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe idadi ya michoro, idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei, siku ya kulipwa, malipo hata kazi ikikosa mteja, na ruhusa ya mchoraji kuionyesha michoro yake kwa waajiri wengine tangazo likishatoka. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuuhifadhi urafiki.

Juu ya hayo yote imekuja mashine. Tangu 2022, programu za akili unde kama vile Midjourney na Stable Diffusion zimewezesha mtu yeyote kuandika sentensi moja na kupata picha yenye rangi, kivuli na uso wa kuvutia kwa muda mfupi mno. Wapo watu wa matangazo ambao wameanza kuzitumia mahali walipozoea kumwita mchoraji. Kuna wanaolia kwamba kazi imekufa, na wanaocheka kwamba mashine haina roho. Naona kwamba pande zote mbili zimeharakisha.

Tuurudie mfano wa chai. Mashine ikiambiwa ichore mama akirejea nyumbani katika mvua, itachora papo hapo. Itajaza mlango, dirisha, viatu vya mama, rangi ya anga na miti ya nyuma, bila kumuuliza mtu. Hilo ndilo tatizo. Mchoro wa penseli huacha wazi yale ambayo hayajaamuliwa, na kila anayeutazama huona kwamba hayajaamuliwa. Picha ya mashine huonekana imekamilika ilhali hakuna aliyeamua chochote. Mteja huipenda, huitia sahihi, kisha siku ya kupiga picha hutakiwa kutafutwa nyumba isiyokuwepo, chini ya mwanga usiopatikana, mlango ukiwa upande ambao mama hawezi kuujia. Uamuzi ulioahirishwa hurudi siku ile ambayo kila dakika inalipiwa.

Hata hivyo, tuwe wakweli kwa vijana wetu. Ile sura ya kwanza ya kazi, michoro ya kupendeza ya kumshawishi mteja, ndiyo iliyo wazi zaidi kwa mashine. Anayejifunza kupaka rangi vizuri na kuishia hapo anajiandaa kwa kazi inayoondoka. Anayejifunza kuuliza kamera imesimama wapi, na kwa nini, na nini kifuate, anajiandaa kwa kazi itakayohitajika hata chombo kikibadilika. Penseli ilimfaa Menzies, kompyuta inawafaa wa leo, na huenda kesho kukawa na kitu kingine. Kichwa kinachoamua hakibadilishwi kwa urahisi huo.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo ya sanaa na ufundi yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa kwa kawaida husukumwa pembeni. Mtaala wa umilisi, ambao sekondari pevu yake ilianza Januari 2026, umeipa Sanaa na Sayansi ya Michezo mkondo wake, sambamba na mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati na ule wa Sayansi za Jamii. Ni hatua ya kushukuru. Lakini mkondo kuandikwa karatasini ni jambo moja, na mzazi kuamini kwamba mwanawe hakupotea kwa kuufuata ni jambo jingine. Ataamini atakapoelezwa kazi zenyewe kwa majina, na hii ni mojawapo.

Wala si lazima shule ingoje kamera au kompyuta. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuanza kesho asubuhi kwa daftari la mistari na rula. Na awape wanafunzi methali, tuseme mgaagaa na upwa hali wali mkavu, awaambie waieleze kwa visanduku sita bila kuandika neno hata moja. Mara watajikuta katika mjadala. Tuanze na nyayo mchangani au na sahani ya wali mtupu? Samaki aonekane katika kisanduku cha nne au afichwe hadi cha sita? Tumwone mtu huyu usoni, au tumfuate kwa nyuma?

Mwanafunzi anayejibu maswali hayo anajifunza fasihi pasipo kuambiwa. Kuficha samaki hadi mwisho ndiyo taharuki. Kurudi nyuma kuonyesha asubuhi ya mvuvi baada ya kuiona jioni yake ndiyo mbinu rejeshi. Kuchagua mahali pa kusimamisha kamera ndiko kuchagua msimulizi na mtazamo wake. Istilahi ambazo amezikariri kwa ajili ya mtihani zinakuwa zana mkononi mwake. Hata asipokuwa mchoraji kamwe, insha yake itafaidika, kwa kuwa atakuwa amejua kwamba kila sentensi nayo ni kisanduku, na kwamba kilichoachwa nje kiliachwa na mtu kwa makusudi.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii, nasaha ni chache. Chora watu wakitenda, si nyuso nzuri tu: mtu akipanda matatu, akibeba ndoo, akigeuka kuitwa. Litazame tangazo moja mara kumi huku sauti imezimwa, ukaandika kamera ilibadilika mara ngapi na kila badiliko lilileta nini. Jifunze kuchora haraka na kufuta bila uchungu, kwani michoro mingi utakayoichora itatupwa. Ujue pia kwamba kazi huja kwa misimu. Wengi huichanganya na vibonzo, vitabu vya watoto au ualimu. Na kabla hujaunoa mchongo wa penseli yako kwa ajili ya mtu, mwandikiane.

Kwa wanaoagiza kazi hii, neno ni moja. Mnapomlipa mchoraji, hamlipii karatasi itakayotupwa jioni. Mnalipia kasoro ambazo hamkuzitenda, ubishi ambao haukutokea mahali pa kupigia picha, na njia aliyoiona mtu mmoja wakati wengine wote waliona maneno. Mkiona kwamba bei yake ni kubwa, ipimeni kwa gharama ya siku moja iliyopotea. Kisha mtajeni jina mahali ambapo majina hutajwa, mlipeni hata zabuni ikishindwa, na muacheni awaonyeshe wengine kazi ya mikono yake. Pete haihitaji kuwa ya dhahabu. Inahitaji tu kuvikwa kidole kilichoistahili.